Nyuma ya mikunjo: vifaa vya kuongeza uwezo wa kuona polipu

MTANGAZAJI: Karibuni wasikilizaji, iwe mko Mwanza mjini, Ukerewe au Sengerema. Leo mimi na mwenzangu, Daktari, tunazungumzia kolonoskopi, yaani kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya haja kubwa ili kuchunguza utumbo mpana. Wengi wanaamini kwamba kamera ikishaingia, hakuna kinachoweza kujificha. Je, ni kweli, Daktari?

DAKTARI: Si kweli, dada yangu. Tafiti ambazo mgonjwa mmoja alipimwa mara mbili mfululizo zimeonyesha kwamba takriban robo ya adenoma hazionekani mara ya kwanza, na adenoma ndizo polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, ambazo baadhi yake, zikiachwa kwa miaka, hugeuka kuwa saratani. Sababu mojawapo ni umbo la utumbo wenyewe: ukuta wake una mikunjo, nayo kamera hutazama mbele tu. Anayepita na mtumbwi kando ya mawe ya Capri Point huona upande wa jiwe unaomkabili, wala haoni mgongo wake.

MTANGAZAJI: Hapo ndipo vinapoingia vifaa vya kuvalisha kwenye ncha ya mpira?

DAKTARI: Ndiyo. Cha zamani na rahisi zaidi ni kikofia cha plastiki angavu kinachochomoza milimita chache mbele ya kamera, ambacho daktari hukitumia kuusukuma mkunjo kidogo ili auone upande wa pili. Faida yake katika kuongeza polipu zinazoonekana ni ndogo, ingawa humsaidia daktari kufika mwanzo wa utumbo mpana kwa urahisi zaidi. Kingine ni Endocuff Vision, pete yenye safu ya vidole laini vya plastiki. Mpira unapoingizwa, vidole hulala kuelekea nyuma visizuie njia. Unapovutwa kutoka, husimama, hushika mikunjo na kuinyoosha, na pia huizuia ncha isiteleze ghafla na kuruka sehemu ambayo bado haijaangaliwa.

MTANGAZAJI: Nimewahi kusikia wauzaji wa vifaa vya hospitali wakiahidi makubwa. Takwimu zinasemaje?

DAKTARI: Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, lenye wagonjwa 1,772, lilionyesha kwamba wagonjwa waliogunduliwa kuwa na adenoma angalau moja walipanda kutoka asilimia 36.2 hadi 40.9 pete ya Endocuff Vision ilipotumika. Ongezeko hilo lilitokana zaidi na waliokuja kwa uchunguzi wa saratani baada ya kukutwa na damu kwenye choo, na nyingi ya polipu zilizoongezeka zilikuwa ndogo.

MTANGAZAJI: Tofauti ya asilimia nne na ushee. Inatosha kweli hospitali kutumia fedha?

DAKTARI: Isidharauliwe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kila asilimia moja daktari anayoongeza katika kugundua adenoma iliambatana na upungufu wa asilimia 3 wa hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baada ya kipimo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, katika hospitali zetu za Kanda ya Ziwa fedha ya kwanza isiende kwenye pete hizo, ambazo hutumika mara moja na kutupwa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2006, uliwalinganisha madaktari waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kuuvuta mpira kutoka na wale waliofanya haraka zaidi: wa kwanza waligundua adenoma au saratani kwa asilimia 28.3 ya wagonjwa wao, wa pili kwa asilimia 11.8. Saa ya ukutani ni bei rahisi, tena haitupwi.

MTANGAZAJI: Na maandalizi ya mgonjwa?

DAKTARI: Hayo hayana mbadala. Kinyesi kikibaki, pete itaunyoosha mkunjo mchafu, nawe hutaona kitu. Mgonjwa anayetoka visiwani, akilala kwa ndugu yake Igoma au Nyakato usiku wa kunywa dawa ya kusafisha tumbo, anahitaji maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, choo kilicho karibu, na dozi ya pili alfajiri ya siku ya kipimo. Wauguzi wakilisimamia hilo, nusu ya kazi imekwisha.

MTANGAZAJI: Kuna mgonjwa asiyefaa kuvalishiwa pete hiyo?

DAKTARI: Wapo. Penye utumbo uliosinyaa, au wenye uvimbe mkali wa ukuta, huepukwa, kwa kuwa inaweza kukwama au kuchubua. Tena kwa watu wa mwambao wa ziwa lipo jambo la ziada: kichocho cha tumbo, ambacho kinaenea huku, huweza kuotesha polipu zitokanazo na kuvimba kwa ukuta wa utumbo, zisizo adenoma. Kwa hiyo tukiona polipu nyingi zaidi, vipande vyake vingi zaidi vitakwenda maabara ya patholojia, na hospitali inayopanga kununua vifaa hivi iweke gharama hiyo kwenye bajeti ileile.