Royal George: Manowari Iliyozama Ikiwa Nangani

Ndugu zangu, waliokulia mwambao wanajua kazi ya kulaza chombo. Unangoja maji yapwe, jahazi likae mchangani, ndipo unalilaza ubavu. Waingereza wa mwaka 1782 walikuwa na njia ya mkato: walilaza meli ikiwa inaelea, na watu wake wote ndani.

Royal George ilishushwa majini Woolwich mwaka 1756, ikiwa na mizinga 100. Miaka mitatu baadaye Admirali Hawke aliipeleka vitani dhidi ya Wafaransa katika ghuba ya Quiberon, katikati ya dhoruba, na manowari ya Superbe ikazama mbele ya mizinga yake. Hayo ndiyo ya sifa. Nimekuja kuzungumzia asubuhi ya tarehe 29 Agosti 1782.

Meli imetia nanga Spithead, nje ya Portsmouth, ikijiandaa kwenda Gibraltar. Bomba la kuvutia maji ya bahari, upande wa kulia, chini ya usawa wa maji, linataka kutengenezwa. Basi mizinga ya kushoto ikasukumwa nje ya matundu yake, ya kulia ikavutwa katikati, meli ikalala kushoto. Upande huohuo wa kushoto ikaja mashua ya mapipa ya ramu, na mapipa yakaanza kupandishwa! Maji yakaingia kidogo kidogo kwenye matundu ya chini. Baharia mmoja aliyenusurika alisimulia kuwa wenzake walikuwa wakicheka, wakiwinda panya waliofukuzwa na maji. Seremala wa meli alimwendea luteni wa zamu mara mbili, akimsihi meli isimamishwe wima. Alijibiwa kwa ukali. Ngoma ya kuwaita watu wairudishe mizinga mahali pake ilipoamriwa, muda ulikuwa umekwisha.

Walikufa zaidi ya 800, wakiwamo wake na watoto waliokuja kuagana na mabaharia. Admirali Kempenfelt naye alizama.

Nahodha Waghorn alipona, akashtakiwa, akaachiliwa: mahakama ilisema mbao zilikuwa zimeoza. Hukumu hiyo hainiingii. Mbao huenda zilioza, lakini si mbao zilizomfokea seremala.

Mabaki yalilala pale hadi Kanali Pasley alipoanza kuyalipua kwa baruti, mwaka 1839. Wapiga mbizi wake walishuka wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake.