Mpunga Pori Uko Chini, Sisi Tunafyeka Juu

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama wa majaruba, na ninyi vijana wa chuo mliokaa nyuma, nawasalimu. Sitapoteza muda kuwaeleza mpunga pori, gugu hili linalofanana na mpunga wetu, ni nini. Anayelima bonde hili la Kilombero, au Usangu, au Kyela, ameshaupalilia tangu utotoni. Nimekuja na jambo moja. Nimelisema kila nilipopewa nafasi ya kusimama mbele ya wakulima, na leo nalisema tena kwa sababu nimepita majaruba ya huku na nimeona bado tunafanya yale yale.

Jambo lenyewe ni hili: mmea huu hauishi juu. Majani mnayoyafyeka, mabua yanayofika mita 2 na kupita, masuke yenye ndevu ndefu, vyote hivyo ni vya msimu tu. Mmea wenyewe umelala chini ya tope. Unatambaa huko, unasubiri, na kila tunapoingia shambani na chombo chenye makali wakati udongo umelowa, tunausaidia kusafiri.

Wataalamu wa mimea wanauita Oryza longistaminata. Jenasi yake, yaani ukoo wake, ni ile ile ya mpunga tunaoula, Oryza sativa, na kromosomu zao, vile vibeba urithi, ni 24 kwa 24. Ni ndugu wa damu. Ndiyo maana mche wake unatudanganya. Mpeleke mpaliliaji mzoefu jarubani wiki chache baada ya kupanda, mwambie atenganishe kwa kutazama majani. Atang'oa mpunga wake na kuacha pori. Kuna njia moja ya hakika, nayo haihitaji maabara: usikate, ng'oa. Ng'oa taratibu, pamoja na tope lake, kisha suuza. Mpunga wako utatoka na mizizi ya nyuzinyuzi tu. Mpunga pori utatoka na mkono mweupe, mnene, umekwenda pembeni, na mara nyingi utasikia umekatikia mkononi. Huo mkono ndio rizomu. Na ile sehemu iliyokatikia ndani ndiyo msiba wako wa mwaka kesho.

Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopita haraka. Rizomu si mzizi. Ni shina, ila limeamua kutambaa chini badala ya kusimama. Mtajuaje? Lishikeni mlitazame. Lina vifundo. Kila kifundo kimefunikwa na gamba, na gamba hilo ni jani lililodumaa. Ukilibandua, chini yake utakuta jicho. Mzizi hauna jicho. Shina lina jicho. Na kila jicho linaweza kutoa chipukizi la kwenda juu likawa bua lenye majani, au kutoa tawi jingine la kutambaa.

Kiangazi hiki fanyeni kazi moja. Chukua sepeto, nenda kwenye kichaka kimoja tu cha mpunga pori, anza pembeni, mbali kidogo na majani, chimba ukielekea ndani. Usikate. Fukua udongo kwa mkono kama unavyofukua kiazi usichotaka kukijeruhi. Ukikuta rizomu, ifuate. Itakupeleka kwenye bua, kisha itaendelea mpaka bua jingine, itagawanyika, tawi moja litapita chini ya tuta na kuingia kwenye jaruba la jirani. Wakulima niliofanya nao kazi hii walianza wakihesabu mimea, mwisho wakaacha kuhesabu, kwa sababu waligundua kile walichokiita kichaka chenye mimea mingi ni mmea mmoja. Umechipua sehemu nyingi, basi. Mwenye macho akishaona hivyo hahitaji mhadhara wangu.

Sasa chukua rizomu hiyo moja yenye vifundo kumi. Masika yameingia, maji yamejaa jarubani, unaleta pawatila, lile trekta dogo la kuongoza kwa mkono, kuchavanga, yaani kuvuruga tope. Visu vinazunguka kwenye tope. Rizomu moja inatoka vipande kumi, kila kimoja na jicho lake, kila kimoja kimefukiwa kwenye tope laini lenye maji ya kutosha. Hapa Kilombero tunajua miwa inapandwaje: mtu anakata pingili, analaza mtaroni, anafukia. Hicho hasa ndicho tunachoufanyia mpunga pori, tena kwa mafuta tuliyoyanunua wenyewe. Halafu mwezi wa tatu tunaita vibarua wa palizi na kushangaa mbona mwaka huu pori limezidi.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni: huyu anatuambia rizomu, rizomu, mbona mbegu zinapukutika tunaziona? Ni kweli, mzee wangu. Suke la mpunga pori linapukutika kabla hujafika na mundu, na mbegu chache zinazoponyoka zikaingia kwenye gunia ndizo zile punje nyekundu zinazokushushia bei sokoni. Lakini fikiria tulichokiona tulipochimba. Mmea huu haupendi kujichavusha; poleni, yaani chavua, ya ua lake haifanyi kazi vizuri kwenye ua lake lenyewe, unahitaji poleni ya mmea mwingine. Na kama kichaka kizima ni mmea mmoja, poleni inatoka kwa nani? Ndiyo sababu mara nyingi masuke yake yana mapepe mengi kuliko punje. Mbegu inaufikisha mahali papya. Kinachoujaza mahali hapo ni rizomu.

Upo mpunga mwingine wa mwituni wa Kiafrika, Oryza barthii, ambao ni wa mwaka mmoja: unaota, unazaa, unakufa, hauna rizomu. Huo vita vyake ni vya mbegu. Kwa miaka mingi majina ya hii miwili yalichanganywa hata vitabuni, na ushauri nao ukachanganywa. Vijana wa chuo, mkitaka kuitenganisha bila kuchimba, tazameni ule ulimi mwembamba pale jani linapoachana na bua: kwenye longistaminata ni mrefu na umechongoka, kwenye barthii ni mfupi. Lakini mimi nasema chimbeni.

Wengine watasema: dawa zipo madukani, kwa nini tuchimbe? Dawa zipi? Dawa inayochagua, ile inayoua magugu na kuacha mpunga, itauachaje mpunga na kuua ndugu yake wa damu? Ile inayounguza majani inaunguza majani tu. Rizomu inachipua tena. Glaifosati, dawa inayoua kila mmea, inashuka mpaka chini, hiyo nakubali, lakini kwa masharti: upige kabla hujapanda, majani yawe mabichi na yanakua, na udongo usiguswe mpaka dawa ishuke. Mkulima anapiga asubuhi, jioni anaingiza trekta. Amemwaga fedha. Na hapa watu wanachota maji ya kunywa kwenye mifereji ile ile, jambo ambalo halinipi usingizi.

Njia ninayoipigania ni ya kiangazi. Lima kwa kina baada ya mavuno, pindua mabonge, yaache juani. Rizomu iliyo juu ya udongo mkavu inakauka na kufa. Iliyo kwenye tope haifi. Okota vipande, kusanya mahali pakavu, choma. Msivitupe tutani! Tuta lina unyevu, kesho vitashuka jarubani. Mtaniambia udongo wetu mweusi kiangazi haulimiki. Haulimiki mwezi wa tisa. Nenda mapema, mpunga ukishatoka shambani na udongo bado umebaki na unyevu kidogo wa kuruhusu plau kuingia, halafu jua likufanyie kazi miezi iliyobaki. Ukisubiri ngoma za masika umeshachelewa, umebaki na kuchavanga tu. Na rudia mwaka unaofuata. Hakuna atakayelimaliza kwa msimu mmoja.

Pale ambapo maji yanaweza kudhibitiwa kwenye skimu, kuna jambo lililofanywa na wakulima wa Mali kwenye bonde la Niger: kuukata chini ya maji. Rizomu iliyo kwenye tope lisilo na hewa inapumua kupitia mabua na majani, hewa inashuka kwenye vijitundu vya ndani. Ukikata bua chini ya usawa wa maji na maji yakabaki juu ya kikonyo, umeuziba pua. Maji yakipungua kikonyo kikachungulia, umefanya kazi bure. Basi usimamizi wa maji ndio kila kitu hapo.

Sasa nisieleweke vibaya. Sijaja kuwaambia mkaufute mpunga pori katika nchi. Jarubani ni gugu. Kwenye mbuga ya mafuriko ni mwenyeji, na alikuwepo kabla yetu. Mmea wenye mwili wake chini umeumbwa kwa mahali panapofurika masika na kukauka kiangazi, mahali panapopita moto ukateketeza kila kilicho juu. Tambarare za Kafue kule Zambia ni nyasi hizi kwa eneo kubwa. Hapa kwetu Kilombero, bonde lililoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, sheshe, wale swala wa mabondeni, wanaishi kwenye nyasi za mafuriko, na maji yale yale yenye nyasi ndiyo samaki wanayazalia. Tukilima mpaka ukingo wa mwisho, tutakuwa tumepoteza mbuga na gugu tutabaki nalo, maana litakuwa limehamia kwenye mifereji.

Na kuna sababu nyingine, nayo inaniuma kila ninapoisema. Wachina wa Yunnan walimchukua ndugu yetu huyu wa Afrika, wakamchanganya na mpunga wa Thailand uitwao RD23. Chotara wa kwanza hakutaka hata kukua ndani ya mbegu. Ilibidi kiinitete, yaani mche mchanga wa ndani ya mbegu, kiokolewe maabara, mwaka 1996. Walikuwa wanatafuta nini? Hicho hicho kinachotutesa: uwezo wa kuchipua tena kutoka chini. Profesa Hu Fengyi na wenzake waliendelea mpaka mwaka 2018 ikatolewa mbegu ya PR23, mpunga unaopandwa mara moja na kuvunwa misimu minane katika miaka minne, kwa wastani wa tani 6.8 kwa hekta kila mavuno. Mwaka 2021 wakulima zaidi ya 44,000 wa China walikuwa wanaulima. Kabla ya hapo, jeni ya Xa21 inayoukinga mpunga dhidi ya mnyauko wa majani wa bakteria ilitoka kwenye mpunga pori wa Mali, na ikabainishwa mwaka 1995 na kundi la mtafiti Pamela Ronald huko California. Vijana wa chuo, mali hii imelala kwenye tope letu. Mbona anayekuja kuichimba kwa ajili ya utafiti si mtoto wa Ifakara? Nawauliza kwa dhati, na nataka jibu kwa vitendo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza kwa urefu juu ya kimyanga, ule ugonjwa wa mpunga kuwa wa manjano ulioonekana mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966. Niseme haraka tu: virusi vyake vinaishi pia ndani ya mpunga pori, na huo haufi kiangazi, kwa hiyo vinavuka msimu humo vikisubiri mbawakavu wa kuvihamisha. Kichaka kilichoachwa mferejini karibu na kitalu chako cha miche ni hatari. Kitalu kiwe mbali. Mengine yasubiri siku nyingine.

La mwisho, na hili halihitaji bajeti ya mtu. Pawatila ikitoka kwenye jaruba lenye mpunga pori, isimame hapo hapo, visu vioshwe, tope na vipande vya rizomu vibanduliwe, ndipo iende kwa jirani. Chama cha umwagiliaji kiweke sheria hiyo kabla ya masika, na dereva asiyeosha asilipwe. Nani anaanza na swali?