Rola kosta ikisimama katikati ya mlima

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani, mi Zuhura niko na Hamisi hapa Sinza, mvua imetunyeshea lakini tumefika. Hamisi leo nina swali la siku nyingi. Mwaka juzi nilienda Dubai na shangazi, tukapanda rola kosta, ile treni ya kuchezea inayopanda na kuteremka kwa kasi, tunavutwa kwenye ule mlima wa kwanza tak tak tak tak, mara ikasimama. Kimya. Tumelala chali tunaangalia mbingu, shangazi anavuta uradi.

HAMISI: Poleni sana dada.

ZUHURA: Tukakaa kama dakika kumi ndio ikaendelea. Tangu siku hiyo najua ile mashine ni mbovu.

HAMISI: Hapana dada, usiseme hivyo. Ule mlio wa tak tak unajua ni nini? Chini ya behewa kuna kipande cha chuma kinapita juu ya chuma kingine chenye meno kama msumeno, kila kikipita jino kinadondokea nyuma yake, tak. Sasa mnyororo unaokuvuta ukikatika, kile kipande kinakaba kwenye jino hapohapo, treni hairudi nyuma hata shibiri. Yaani hiyo kelele inayokutisha ndiyo inayokushika.

ZUHURA: Kumbe! Na injini inakaa wapi?

HAMISI: Hizi za mnyororo behewa halina injini kabisa, ukishafikishwa kileleni kilichobaki ni uzito wenu na mteremko mpaka mwisho. Hata rola kosta ya Mmarekani LaMarcus Thompson pale Coney Island, New York, mwaka 1884, watu walilipa senti 5, mteremko tu, kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa baiskeli. Leo rola kosta ya Formula Rossa ya Abu Dhabi inafika kilomita 240 kwa saa, ila hiyo inarushwa, haivutwi na mnyororo.

ZUHURA: Ngoja, kama haina injini na dereva hamna, breki anakanyaga nani?

HAMISI: Hapo ndio napapenda mimi! Umeshaona lori limekwama Ubungo, upepo umeisha, halisogei? Zile breki za nyuma zinabanwa na springi, upepo ndio unaziachia, kwa hiyo upepo ukiisha lori linajifunga lenyewe. Breki nyingi za rola kosta ni hivyohivyo, umeme ukikatika zinabana. Halafu kuna za sumaku, hizo hata umeme hazihitaji, bapa la shaba linapita katikati ya sumaku na ule mwendo wenyewe unazalisha nguvu ya kulizuia. Ila sumaku peke yake inapunguza mwendo tu, kukusimamisha kabisa ni kazi ya breki za kubana.

ZUHURA: Sasa sisi tulisimamishwa kwa nini?

HAMISI: Mara nyingi ni foleni. Njia imegawanywa vipande kama reli ya treni, kipande kimoja treni moja, basi. Mwenzenu wa mbele akichelewa kutoka, pengine stesheni kuna mtu kizuizi cha kifuani hakijafunga vizuri, kompyuta inawashikilia nyinyi hapo mlimani, maana mkishavuka kilele hamsimamishiki popote isipokuwa penye breki.

ZUHURA: Na kuchomoka kwenye reli je?

HAMISI: Magurudumu yako juu ya reli, ubavuni, na mengine yameshika kwa chini. Hayo ya chini mbunifu wa rola kosta, John Miller, aliyapatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, 1919, na asubuhi kabla ya kufungua mafundi wanayakagua, wanatembea njia nzima, wanaipeleka treni tupu kwanza.

ZUHURA: Unajua umenikumbusha, kuna fundi alitupandia kwa zile ngazi za pembeni, spana mfukoni. Hakusema mengi. Alivuta kizuizi cha kila mtu, mmoja mmoja, mpaka cha shangazi, na shangazi kafumba macho, hajui hata kama kaguswa.

HAMISI: Mpigie leo umwambie.