Maji Yaliyofichika Ndani ya Sukari

Ndugu zangu, karibuni. Kabla ya hesabu, tazameni sufuria hii. Nimetia sukari kavu, bila hata tone la maji. Imeyeyuka, imekuwa ya kahawia, na harufu yake imewafikia mliokaa nyuma. Sasa naifunika kwa mfuniko wa baridi, kisha nafunua. Upande wa ndani umelowa. Maji hayo yametoka ndani ya sukari yenyewe.

Mhadhara wangu wote, wa kugeuza sukari kuwa mafuta ya gari, umo kwenye mfuniko huu. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, na kila moja ina kaboni 6 na oksijeni 6. Ukitaka mafuta ya gari, oksijeni hiyo ni mzigo, lazima uitoe.

Hamira ina njia yake ya kuitoa. Gramu 180 za glukosi, hata mambo yakienda vizuri kabisa, huzaa gramu 92 za ethanoli, yaani pombe, na gramu 88 za kaboni dayoksaidi. Kaboni 2 kati ya 6 zimekwenda na hewa. Brazili iliijengea ethanoli mpango wa taifa tangu 1975, nami naiheshimu kazi hiyo. Lakini ethanoli hufyonza unyevu, na lita yake ina nishati ya takriban theluthi mbili ya lita ya petroli.

Njia ya pili ni joto na asidi. Fruktosi huachia molekuli 3 za maji, kaboni zote 6 zikabaki. Kinachopatikana huitwa kwa kifupi HMF. Mmeshakionja: kimo kwenye sukari iliyoungua, na wapimaji wa asali hukitafuta wajue kama asali imepashwa moto kupita kiasi. Shida ni kwamba kikikawia kwenye maji ya moto yenye asidi, kinaharibika. Mwaka 2007 James Dumesic na wenzake, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza ufundi ninaoupenda mno. Juu ya maji waliweka kiyeyushi kinachoelea kama mafuta juu ya mchuzi, kikawa kinaichota HMF kila inapozaliwa. Wakatia chumvi, ile ile ya jikoni, ili HMF ikimbilie juu zaidi. Kisha wakaipitisha pamoja na hidrojeni kwenye kichocheo, yaani kiharakisha mmenyuko, cha metali za shaba na ruteniamu. Ikawa DMF, kimiminika kinachoweza kuwa mafuta ya gari: haifyonzi maji, na lita yake ina nishati zaidi ya ethanoli kwa asilimia 40.

Hidrojeni ndiyo inayoninyima usingizi. Gramu 180 za fruktosi zinadai gramu 6 za hidrojeni, na nyingi ya leo inatokana na gesi asilia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliipata hidrojeni hiyo kwenye asidi ya fomiki, ile inayorushwa na baadhi ya sisimizi. Na HMF inapoharibika majini, asidi hiyo hiyo ni mojawapo ya mabaki yake. Tulichokiita hasara kinaweza kurudi sufuriani.