Sheria Ndogo Ina Tarehe Tatu, Inayofunga ni Moja

Waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji, nanyi wakusanya ushuru mliotoka mwaloni Kibirizi asubuhi hii, karibuni.

Fungueni nakala mliyonayo ya sheria ndogo, yaani sheria inayotungwa na halmashauri, ukurasa wa mwisho. Kuna lakiri, yaani mhuri rasmi, ya halmashauri, saini za Mkurugenzi Mtendaji na Mwenyekiti, na tarehe ya kikao kilichopitisha azimio. Chini yake pameandikwa NAKUBALI, saini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na tarehe yake. Sasa rudini ukurasa wa kwanza, juu kabisa: Tangazo la Serikali, namba na tarehe. Tarehe hiyo ndiyo inayomfunga mwananchi. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inataka sheria ndogo ichapishwe katika Gazeti la Serikali, nayo huanza kutumika siku ya kuchapishwa, ila kama yenyewe imetaja siku nyingine.

Tuseme Baraza la Madiwani limepitisha ushuru wa mawese Februari 10, Waziri akakubali Aprili 22, Gazeti likatoka Juni 14. Anayeanza kutoza Februari 11 kwa kuwa "Baraza limeshapitisha" anatoza miezi minne bila sheria, na risiti ya POS, mashine ya kukusanyia ushuru, haiponyi kitu. Aliyegoma kulipa hana kosa: Katiba, ibara ya 13(6)(c), inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda.

Penye mitego zaidi ni jedwali la sheria ndogo, maana viwango vya ushuru vimo humo. Shilingi 500 haiwi 1,000 kwa barua, hata barua iwe na mhuri mwekundu. Waraka unamwamrisha mtumishi, haumtozi mvuvi. Kubadili kiwango ni kurudia njia yote: kuwatangazia wakazi kusudio, kupokea pingamizi, Baraza, Waziri, Gazeti. Hatua ya kwanza ndiyo hurukwa. Tangazo likibandikwa, lipigwe picha likiwa ubaoni na mihtasari ya mikutano ya kata itunzwe. Bila hivyo, siku ya kuulizwa hamna cha kuonyesha.

Vijiji vina njia fupi. Mkutano mkuu hutoa maoni, halmashauri ya kijiji hutunga, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Mtendaji wa kijiji asihangaike na namba ya Tangazo. Atafute muhtasari wa kikao kilichoidhinisha.

Kanuni za mawaziri zikishachapishwa huwasilishwa bungeni ndani ya siku sita za vikao zinazofuata, na Bunge laweza kuzitengua. Zikitenguliwa zinakoma hapo. Yaliyokwishafanyika chini yake hayafutiki kwa sababu hiyo.

La mwisho ni la mahakamani. Katika hati ya mashtaka andikeni jina la sheria ndogo, kifungu, namba ya Tangazo na mwaka wake. Jina laweza kusema 2023 na Tangazo likawa la 2024. Mkichanganya, wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo.