Mstari Usiosomwa Kwenye Wasifu wa Wakili

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Mwenyekiti amenitambulisha kwa vyeo virefu hadi nikageuka kumtafuta huyo anayesifiwa. Vyeti ni vyangu, sikatai. Ila mfanyabiashara mwenye kesi akivisoma atajua nilisoma wapi, hatajua kama naweza kusoma leja.

Njia ya shule nitaipita haraka. Marekani kwa kawaida mtu humaliza shahada ya kwanza ya fani yoyote, halafu miaka 3 ya sheria, halafu mtihani wa uwakili wa jimbo lake. Uingereza, anayetaka kusimama mbele ya majaji wa juu kwa kawaida hujiunga na mojawapo ya jumuiya 4 kongwe za mawakili zilizoko London, Gray's Inn ikiwa mojawapo, kisha hukaa chini ya wakili mzoefu akijifunza kazi. Kwingine kuna taratibu zake. Zote hukupa ruhusa ya kufungua mdomo mahakamani. Cha kusema utakitafuta mwenyewe.

Kuna kesi moja ambayo wengi wetu tuliisoma mwaka wa kwanza: Hadley na Baxendale, ya mwaka 1854. Kinu cha nafaka mjini Gloucester kilivunjika mhimili. Wenyewe wakampa msafirishaji aupeleke Greenwich ukawe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Mzigo ukachelewa, kinu kikalala, wakadai faida waliyoikosa. Majaji wakasema msafirishaji hawezi kubebeshwa hasara ambayo si pande zote mbili ziliweza kuitazamia wakati wa kufunga mkataba.

Darasani tulikariri kanuni hiyo tukafaulu. Miaka mingi baadaye ndipo nikaona kilichojificha. Maelezo ya kesi yaliyochapishwa kabla ya hukumu yanasema karani wa msafirishaji aliambiwa kinu kimesimama. Hukumu yenyewe inasema alichoambiwa ni kwamba mzigo ni mhimili uliovunjika na wateja ni wenye kinu, basi. Tazameni hapo! Kesi inayofundishwa dunia nzima, na jambo lenyewe ni maneno yaliyosemwa kaunta, kati ya mtumishi wa kinu na karani wa msafirishaji.

Nami nilitoka kaunta. Kabla ya sheria nilikuwa karani wa stoo kwa miaka miwili, na kwa muda mrefu niliuficha mstari huo kwenye wasifu wangu. Niliona haya.

Sasa sikieni. Mteja wangu alikataa kulipa ankara kwa sababu sehemu ya mzigo ilifika imelowa. Hati yake ya kupokelea ilikuwa na maneno ya kalamu: "katoni 40 zimelowa." Wakili wa upande wa pili, msomi kunizidi, akadai maneno hayo yaliongezwa baadaye ofisini. Wenzangu wakaanza kupanga mashahidi na mtaalamu wa miandiko. Mimi nikaomba kitu kimoja tu: kile kitabu cha hati alichobaki nacho muuzaji.

Aliyewahi kukaa stoo ameshanielewa. Hati huandikwa kwa karatasi ya kaboni. Ya juu huchanwa akapewa mpokeaji, nakala hubaki kitabuni. Ukiandika neno baada ya kuchana, kitabuni halionekani. Tukafungua ukurasa. Maneno yalikuwepo, ya buluu iliyofifia, yamepinda vilevile, na saini ya dereva chini yake. Jioni ile ile tukapigiwa simu ya kutaka suluhu.

Kwa hiyo mkimtafuta wakili wa mashauri ya biashara, msitishwe na idadi ya kesi alizoshinda. Kesi nyingi za namna hii huisha kwa makubaliano kabla ya hukumu, na anayejivunia ushindi mwingi labda hakujua pa kuwashauri wateja wake wapatane. Muulizeni alifanya kazi gani kabla ya hii. Mpeni mizania ya kampuni yenu mtazame jicho lake linakwenda wapi kwanza. Likikimbilia jumla iliyo chini, endeleeni kutafuta.

Na ninyi vijana mnaofanya kazi za muda ghalani au kwenye hesabu ili mlipe ada, msizifute.

Mimi mwaka juzi niliurudisha ule mstari wa stoo. Mwenyekiti hakuusoma leo, lakini upo, ukurasa wa pili, chini kabisa.

Naona mkono kule nyuma. Karibu.