Dhoruba Kuu, Shwari Kuu, Hofu Kuu: Kusimulia Marko 4 Kitabu Kikiwa Kimefungwa

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia kuyasimulia Maandiko kwa kinywa, kwa utenzi na kwa igizo. Tumechagua kisa kimoja tu, kile cha Yesu kuituliza dhoruba baharini, katika Injili ya Marko, sura ya 4, kwa kuwa ndicho tulichokifanyia kazi juzi pamoja na jumuiya moja mkoani Dodoma.

DADA: Niseme mapema, Mwalimu, kwamba nilikwenda nikiwa na shaka. Nilidhani mtu akishafunga Biblia na kuanza kusimulia, chumvi haitakosa kutiwa.

MWALIMU: Na ilitiwa. Utakumbuka kwamba kisa kilisomwa kwa sauti mara tatu, kitabu kikafungwa, mama mmoja akaanza kusimulia, na kijana mmoja akaachiwa Biblia ili afuatilie. Mama aliposema kwamba wanafunzi walilia, kijana hakusema neno. Aliinua mkono tu, naye mama akarudi akaianza upya sentensi ile.

DADA: Pale ndipo shaka yangu ilipoanza kupungua, ingawa bado ninaamini kwamba bila huyo wa kuinua mkono, wiki ya tatu tungekuwa na Injili nyingine kabisa. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi kisa kilivyowakaa kichwani upesi.

MWALIMU: Marko mwenyewe amewasaidia. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 kuna dhoruba kuu, kisha shwari kuu, kisha hofu kuu, na katika Kigiriki pia neno ni lile lile moja, limerudiwa mara tatu. Msimulizi anayezishika hizo "kuu" tatu amekwisha kushika mifupa ya kisa. Nyama itafuata yenyewe.

DADA: Lakini maneno mengine yalitutoa jasho. Tafsiri hiyo inasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Shetri ni neno la mabaharia, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na mtu wa bara hana sababu ya kulijua. "Mto" nao ukazua kicheko tulipofika kwenye utenzi. Hebu tusomee ubeti wenyewe.

MWALIMU: Ulitungwa palepale, hivyo msiuhukumu kwa ukali:

Kalala Bwana shetrini,
Kichwa chake ki mtoni,
Maji yajaa chomboni,
"Mwalimu, twaangamia!"

DADA: Mizani minane kila mshororo, vina vimekaa, na bibi mmoja akauliza kwa utulivu kabisa, "Kichwa kiko mtoni, na mwili uko wapi?" Alikuwa amesikia mto wa maji, si mto wa kulalia. Aliyesoma kwa macho asingeuliza, kwa sababu jicho hupita. Sikio ndilo lililokwama.

MWALIMU: Ikabidi mshororo ugeuzwe uwe "Na mto uko kichwani", mizani ile ile minane, na bibi akaridhika. Watu wa Dodoma hawakuhitaji kufundishwa kwamba Injili inaweza kughaniwa, maana mshairi Mathias Mnyampala, mzaliwa wa huko huko, aliitia Injili pamoja na Zaburi katika tenzi miaka ya 1960, akitumia umbo lililokuzwa na Waislamu wa pwani, ambao walikuwa na tenzi zao za visa vya Ayubu na Yusufu.

DADA: Igizo lilinipa kazi zaidi kuliko utenzi. Akina mama wawili walishika khanga pande zote mbili wakaipandisha na kuishusha iwe mawimbi, na hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa sentensi moja: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Karatasi haina sauti, lakini mwigizaji hawezi kuitamka bila sauti fulani, na walibishana kwa muda mrefu kama ni ya kilio, ya hasira au ya lawama.

MWALIMU: Wewe uliunga mkono ipi?

DADA: Lawama. Mtu anayezama hana muda wa adabu, na Marko hakuwapamba wanafunzi wale. Mwenzangu mmoja alisema hakuna anayemlaumu Bwana hivyo, kisha akajaribu kuitamka kwa unyenyekevu, na watu wote wakacheka, pamoja na yeye mwenyewe.

MWALIMU: Mwishoni yule mama wa kwanza alisimulia tena, safari hii bila kukosea, mpaka akafika kwenye shwari kuu. Akanyamaza, watu wakaanza kupiga makofi, na kijana mwenye Biblia akainua mkono.

DADA: Kwa sababu ilikuwa imebaki "kuu" moja.

MWALIMU: Imebaki hofu, iliyokuja bahari ikiwa imekwisha kutulia. Mama akaiongeza, akauliza swali la wanafunzi, "Ni nani huyu, basi?", akaketi pale pale Marko anapoishia, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.